Karamu ya Kuandikia

Kabla sijaandika sentensi hii nimeosha vikombe sita ambavyo vilikuwa safi. Nimefagia veranda. Nimekwenda kumuuliza jirani kama kwake maji yanatoka, na mfereji wangu ulikuwa ukitiririka tunausikia sote wawili. Mtu akiniona hivi atasema huyu mama ana bidii. Bidii gani? Nakwepa. Nimekwepa tangu asubuhi, na hadithi hii nimeikwepa miaka mingi, na sasa nimeketi kwa sababu nimejichoka mwenyewe.

Miaka hiyo miwa ndiyo ilikuwa kila kitu kwetu. Upande ule wa Malava ukielekea Butali, watu waling'oa migomba na hata mahindi ya kula ili wapande miwa, ikasogea mpaka mlangoni. Ukitoka bafuni unakutana na miwa, ukienda chooni unapita katikati ya miwa. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya kampuni ya sukari. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja cha mabati, kaunta yenye waya, na meza mbili. Moja yangu, moja ya afisa wa shamba, ambaye alishinda kwenye pikipiki akikagua mashamba, kwa hiyo pale ndani nilikuwa peke yangu na karatasi.

Karatasi ndizo zilikuwa kazi. Shamba la miwa halikatwi hivi hivi tu. Lazima mkulima awe na mkataba, jina lake liwe katika daftari kubwa, umri wa miwa yake ujulikane, ndipo kibali cha kukata kiandikwe na wakataji watumwe na mapanga yao. Bila kibali, miwa yako itasimama hapo ikukodolee macho hata iwe imekomaa namna gani.

Nilikuwa karani mzuri, nasema bila haya. Mwandiko wangu ulinyooka, mhuri wangu haukupindika. Watu waliniletea hata barua zisizo za miwa, za shule, za posa, nikaziandika papo hapo. Na nilikuwa na kiburi cha ulimi. Sisi watu wa huko tunachanganya l na r, kila mtu anajua, na shuleni mimi nilichapwa kwa ajili hiyo mpaka ulimi ukanyooka. Tangu uliponyooka sikumpa mtu nafasi. Mzee akileta fomu ameandika "mkurima", nilichukua kifutio mbele yake, nikaguna kidogo, nikasahihisha. Wengine walicheka. Wengine hawakucheka, nami sikuwaangalia.

Basi karani huyo mzuri alishindwa na fomu moja tu, na fomu hiyo ilikuwa ya nyumbani kwao.

Baba yangu alikufa mwaka uliotangulia. Leo naandika hivyo kwa mkupuo mmoja. Wakati ule sikuweza kulisema neno hilo kwa kinywa wala kwa mkono. Watu wakiniuliza habari za nyumbani nilisema "mzee hayupo", kana kwamba amekwenda Webuye kununua jembe. Na kabla hajaugua alikuwa amepanda shamba lote la mbele kwa mikono yake, mistari imenyooka hivi, na mkataba wa kampuni ulikuwa kwa jina lake. Sasa miwa ilikuwa imekomaa, na mwenye jina hakuwepo kuweka sahihi.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Kulikuwa na fomu ya kubadilisha jina la mkulima. Unajaza jina la zamani, jina jipya, unaambatisha barua ya chifu, na katikati kuna mistari mitatu ya nukta iliyoandikwa juu yake: Sababu ya kubadilisha jina. Nilikuwa nimejaza fomu kama hiyo kwa ajili ya wajane wengi. "Mwenye shamba ni marehemu." Maneno manne. Dakika moja.

Mama alikuwa na barua ya chifu tayari, ameikunja ndani ya nailoni. Baada ya Krismasi aliniambia, "Wewe ndiwe uko ofisini. Chukua fomu uniandikie, miwa ikatwe kabla kiwanda hakijafungwa." Kila mwaka mvua kubwa zikikaribia, kiwanda kilifungwa kwa matengenezo, na miwa iliyochelewa ilibaki shambani mpaka kifunguliwe. Nikamwambia, "Hiyo ni kitu kidogo, Mama." Siku hiyo hiyo nikaleta fomu nyumbani. Nikaiweka mezani, nikashika kalamu, nikasoma "Sababu ya kubadilisha jina", na tumbo likanikata.

Sitanii. Tumbo lilikata, vidole vikapoa, moyo ukaenda mbio kama nimefumaniwa naiba. Nikaiweka kalamu chini, nikajiambia nitaiandika kesho nikiwa nimetulia. Na papo hapo, wallahi, tumbo likaacha. Hapo ndipo niliponaswa, ingawa sikujua. Kuahirisha kulinipa nafuu ya haraka kuliko dawa yoyote ya duka, na mwili ukajifunza. Kesho yake nikaitazama tena, tumbo tena, nikaahirisha tena, nafuu tena. Lakini kila nilipoirudia ilikuwa nzito zaidi, maana sasa haikuwa fomu tu, ilikuwa fomu pamoja na siku zote ambazo sikuijaza.

Watu hudhani anayechelewesha kazi amelala. Mimi sijawahi kufanya kazi kama miezi ile. Nilipanga upya mafaili ya miaka mitano. Nilikwenda ofisini kabla jua halijachomoza vizuri na kuosha kaunta kwa sabuni. Afisa wa shamba akanisifu mbele ya wakulima, akasema wangepata makarani watatu kama mimi wangelala usingizi. Nikatabasamu, na ndani nilikuwa nataka ardhi ipasuke.

Ile fomu niliificha. Nyuma ya mlango wa sebuleni lilining'inia koti la baba, la kahawia, ambalo hakuna aliyeligusa tangu mazishi. Nikaitia katika mfuko wake wa ndani. Nilijua hapo hakuna mtu atakayetia mkono.

Mama alingoja wiki mbili ndipo akauliza. "Ile karatasi imefika wapi?"

"Iko kwa mkubwa, Mama."

Uongo wa kwanza ulitoka mwepesi, haukunikwaruza hata koo. Wa pili ulikuwa "mkubwa anaiangalia". Wa tatu ulikuwa "kuna foleni". Naye Mama aliamini yote, na si kuamini tu, alitangaza. Kanisani wanawake wakimuuliza miwa yake itakatwa lini, alisema, "Mtoto wangu ndiye ako ofisini, mimi sina wasiwasi." Nilikuwa nimekaa benchi la nyuma yake siku hiyo. Nilijichukia mpaka nikashindwa kuimba.

Inafaa nieleze alichokuwa anakitaka, maana hakikuwa kikubwa. Kwanza alitaka shamba liandikwe jina lake. Baba mdogo, ndugu ya baba, alikuwa amesema siku ya mazishi, mbele ya watu, kwamba shamba la mbele "atalisaidia kuliangalia", na kila mtu wa kwetu anajua maana ya maneno hayo. Mkataba ukikaa bila mwenyewe, mtu kama huyo akija na fomu yake na barua ya wazee, jina lake litaingia, na Mama atakuwa mgeni katika miwa ambayo aliipalilia. Pili, alitaka miwa ikatwe ili kaburi lijengewe kwa simiti na watu waitwe wale, wamkumbuke mzee. Hilo alilizungumzia kila siku. Aliliita karamu. Karamu ya mzee tutafanya hivi, karamu ya mzee tutachinja ng'ombe gani.

Na alilizungumzia kwa Kiswahili. Zamani nyumbani tuliongea Kiluhya tu, lakini baada ya msiba Mama alijiunga na ngumbaru, ile shule ya watu wazima, pale kanisani mara mbili kwa wiki. Alikwenda na slate ya kuandikia na kitambaa cha kufutia, amefunga kitambaa kingine kichwani kama anakwenda harusini. Tangu hapo akawa ananisemesha Kiswahili ili apate mazoezi. Mimi nami, badala ya kufurahi, nilimsahihisha. Akisema "nimerara vibaya" namwambia, nimelala, Mama, nimelala. Alirudia taratibu, halafu kesho yake akasema vilevile.

Miwa ikatoa maua. Yeyote aliyekulia huko anajua hiyo ni habari mbaya. Ile mikia myeupe ikisimama juu, wageni hupiga picha, lakini mkulima anajua sukari inaondoka na ndani kunaanza kuwa povu kavu. Mashamba ya majirani yalikatwa moja baada ya jingine, na mimi ndiye niliyeandika vibali vyao. La kushoto likakatwa, la kulia likakatwa, likabaki letu limesimama peke yake barabarani na maua yake. Nilipotoka kazini nilishuka kwenye baiskeli mapema na kuzungukia njia ya mto nisilipite. Dakika ishirini zaidi, kwenye matope, ili nisitazamane na miwa. Mtu mzima.

Nikiulizwa leo nilikuwa naogopa nini hasa, najibu bila kuzunguka. Niliogopa kwamba nikiliandika lile neno kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu mzuri, nikalipiga mhuri, basi ni kweli. Na niliogopa siku miwa ile itakapokatwa, kwa sababu mistari ile ndiyo ilikuwa kitu cha mwisho alichokifanya akiwa na nguvu. Lakini wakati ule sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na tumbo tu, na uongo, na hasira. Hasira nilikuwa nayo tele. Anayejificha huwa mkali kwa anayemkaribia, nami nilikuwa nimeanza kumjibu Mama vibaya kwa mambo ya chumvi na kuni.

Ikabaki wiki moja kiwanda kifungwe. Jumamosi hiyo nilitoka kazini saa saba. Nilipofika nyumbani Mama alikuwa ameketi uwanjani kwenye kigoda, meza ndogo mbele yake, na mapajani amekunja lile koti la kahawia. Nilipoliona koti limetolewa mlangoni hata sikufikiria mfuko. Nilifikiria tu kwamba anampa mtu. Na kweli, kwa mila yetu nguo za aliyekufa hugawiwa ndugu zake, na Baba mdogo alikuwa ameshatuma neno mara mbili kulitaka.

Sikuwa nimeegemeza baiskeli bado. Mama akanyoosha mkono akasema, "Nipe karamu."

Nikalipuka. Sijui niseme vipi vingine. Miezi mitatu yote ilitoka kwa mara moja. Nikamwambia, "Karamu, karamu! Asubuhi karamu, jioni karamu. Unataka nikupe karamu niitoe wapi? Baba amekufa. Amekufa, Mama. Hata ukichinja ng'ombe wote wa Malava hatarudi kula."

Kuku waliokuwa wakichakura karibu na meza walitawanyika. Mama aliinua uso. Alinitazama, si kwa hasira, alinitazama jinsi anavyomtazama mtoto mwenye homa. Halafu akasema polepole, "Nilisema karamu. Ya kuandikia."

Kalamu. Alikuwa anataka kalamu. Ilikuwa kichwani mwangu, nimeichomeka kwenye nywele kama kawaida yangu ya ofisini, na mkono wake ulikuwa umenyooshwa kuelekea pale. Na mezani, nilipotazama vizuri, ilikuwapo fomu yangu tupu, imelainika kwa kukaa mfukoni, ameinyoosha kwa kiganja na kuibana na jiwe isipeperuke.

Nikakaa chini pale pale kwenye vumbi, na sketi yangu ya kazi. Nililia kwa sauti, kilio ambacho siku ya mazishi sikulia kwa sababu siku hiyo nilikuwa nimejipa kazi ya kuandika majina ya wageni.

Mama aliniacha nimalize. Kisha akauliza, "Mkubwa wenu hakuwahi kuiona hii?"

"Hapana."

"Na unaniambianga iko kwake."

"Ndiyo, Mama."

"Kwa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwa mara ya kwanza tangu Krismasi. Nikamwambia si uvivu, nikishika ile fomu tumbo linanikata na mikono inakufa ganzi. Nikamwambia naogopa neno lile. Nilitegemea atashangaa, mtu amesoma mpaka kidato cha nne anaogopa neno. Hakushangaa. Alilichukua koti mapajani, akaliweka juu ya meza kando ya fomu.

"Mimi niliogopa kitanda," akasema. "Baada ya mazishi sikuweza kulala pale. Nikalala chini, kwa mkeka, siku nyingi. Wewe hukujua. Halafu nikaona nitakufa na baridi. Siku moja nikasema sitalala, nitakaa tu kwa ukingo. Nikakaa, nikatoka. Kesho nikakaa tena. Ya tatu nikaweka mguu mmoja." Akalilainisha koti kwa kiganja. "Sasa ninalala. Upande wangu tu, lakini ninalala."

Nikatoa kalamu kwenye nywele nikampa. Nikamwambia niiandike sasa hivi, yeye akitazama. Akakataa. Alisema, "Leo wewe umechoka. Na mimi nimesomea nini?" Akainama juu ya meza. Sikuweza kutazama, nikaenda kumkatia ng'ombe majani, na kila nilipogeuka kichwa chake kilikuwa bado kimeinama. Lile jambo langu la dakika moja lilimchukua Mama alasiri nzima.

Jumatatu nilidhani atanipa niipeleke. Hakunipa. Nilipokuwa ofisini, katikati ya asubuhi, foleni ikiwa imefika nje, niliinua kichwa nikamwona. Alikuwa mtu wa sita. Amevaa nguo ya kanisani, kitambaa cha ngumbaru kichwani, nailoni mkononi. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka nyumbani. Hakusogea mbele, hakuniita, alingoja zamu yake kama wakulima wengine, na alipofika kaunta akanisalimu jinsi wao walivyonisalimu.

"Habari ya kazi, karani."

"Nzuri, Mama."

Akapitisha fomu chini ya waya. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimepanda na kushuka, nyingine zimetoboa karatasi. Jina la zamani, jina jipya. Na kwenye mistari mitatu ya nukta aliandika: Bwana yangu ni malehemu.

Sasa hapa ndipo ninapojionea aibu kuliko hata kule kwenye uongo. Nililisoma neno lile, na mkono wangu, wenyewe, kwa mazoea ya miaka, ukachukua kifutio. Alikuwa ameandika kwa kalamu ya wino, kwa hiyo hakikufuta, kilichafua tu. Nikachukua kalamu yangu ya ofisi, nikaikata ile l kwa kistari, nikaweka r juu yake. Safi. Ndipo nikainua macho nikakuta anatazama.

"Nilikosea?" akauliza.

"Kidogo tu, Mama."

Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Nikapiga mhuri, nikaingiza jina lake kwenye daftari kubwa. Akauliza kama imeingia, nikamwambia imeingia. Akatoa kalamu yangu kwenye nailoni, akaipitisha chini ya waya, akaondoka, na mtu wa saba akasogea.

Alhamisi yake Baba mdogo alikuja. Alikuwa na fomu iliyojazwa vizuri na barua ya wazee yenye sahihi tatu, na uso wa mtu anayetusaidia. Nilifungua daftari, nikaligeuza upande wake, nikamwekea kidole kwenye jina la Mama. Alisoma mara mbili. Akasema, "Aa, kumbe mama yako ni mwepesi hivyo." Nikamwambia ndiyo, ni mwepesi. Alipotoka nilikwenda nyuma ya ofisi nikatapika. Mama alikuwa amemtangulia kwa siku tatu tu, na siku hizo tatu hazikutokana na mimi.

Miwa haikuwahi msimu huo. Kiwanda kilifungwa, mvua zikanyesha, miwa ikaanguka na kulala, ikaota mizizi kwenye vifundo. Ilipokatwa, kiwanda kilipofunguliwa, mkataji mmoja alipasua muwa mmoja kwa panga akanionyesha ndani, peupe na pakavu. Trela zilizotoka zilikuwa nusu ya zile ambazo baba angezipata. Mama alisimama ukingoni mwa shamba akizihesabu kwa vidole, na hakunigeukia hata mara moja. Angenigombeza ningeshukuru.

Pesa yake ilitosha simiti, haikutosha ng'ombe. Tulichinja kuku. Watu walikuja wachache, wa kanisani na wa ngumbaru, na siku moja kabla yao alikuja fundi kujengea kaburi.

Fundi alikuwa mtu mcheshi. Alimwaga simiti, akailainisha kwa mwiko mpaka ikang'aa, kisha akanipa msumari wa inchi sita. "Karani ndiye mwenye mwandiko," akasema. "Andika sasa. Hili jua halikungoji, nusu saa inakuwa jiwe."

Tumbo likakata. Lile lile, mahali pale pale. Nikasikia kabisa akili yangu ikitafuta cha kwenda kufanya, maji ya fundi, viti vya wageni. Nikamtafuta Mama kwa macho. Alikuwa nyuma yangu. Alikuja akachuchumaa kando yangu, bega lake likagusa langu. Nikakumbuka kitanda, nikajiambia siandiki jina, nakaa tu kwa ukingo. Nikaanza na tarehe, chini kabisa, pembeni. Namba tu, namba haziniumi. Nikamaliza tarehe. Nikaandika jina la kijiji. Nikapumua. Halafu nikapanda juu, nikaliandika lile neno bila kuinua msumari, nikaandika na jina lake, nikakaa kitako.

Mpaka leo ndivyo ninavyofanya kazi yoyote inayonitisha, barua ya wakili, majibu ya hospitali, hata hii. Naandika tarehe kwanza. Nikishindwa namwomba mtu akae karibu, si lazima anisaidie, akae tu. Na kabla ya saa sita namwambia mtu mmoja ukweli kuhusu jambo ambalo sijalifanya. Haiponyi. Vikombe sita vya asubuhi ya leo ni ushahidi. Lakini inanitoa kwenye mkeka.

Fundi aliinama kusoma kazi yangu, akacheka. "Karani, na wewe umekosea. Umeandika malehemu." Nikatazama, na kweli, l ilikuwa pale, imekaa vizuri, kwa mwandiko wangu ulionyooka. Ulimi waliouchapa shuleni wote ule, na mkono umerudi nyumbani. Simiti ilikuwa bado mbichi. Fundi akachukua mwiko alainishe nianze upya.

Mama akamshika mkono. "Wacha," akasema. "Hajakosea."